Mchikichi, Muhogo na Maharage: Historia ya Shamba la Mseto la Ujiji na Mwambao



Harambee ya mwaka huu inachangia kitalu cha miche ya michikichi pamoja na shamba darasa kwa wakulima wa Ujiji na vijiji vya mwambao. Katika vikao vya maandalizi, Dar es Salaam na nyumbani, ilirudiwa tena ile kauli tunayoijua sote: Wamalaysia walikuja Kigoma, wakachukua mbegu ya mchikichi, na leo wanatuuzia mafuta. Husemwa harusini na misibani, na hata majukwaani. Kwa kuwa safari hii tunaombana fedha kwa sababu ya mti huu, nimeona kurasa hizi zitumike kuweka historia yake sawa.

Miche minne ya mchikichi ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Miwili ilipitia visiwa vya Bahari ya Hindi, miwili ilitoka Amsterdam. Uzao wa miche hiyo ulienea Sumatra, na kutoka huko ukavuka hadi Malaya, ambako Mfaransa Henri Fauconnier alianzisha shamba la kwanza la biashara huko Tennamaram, Selangor, mwaka 1917. Sasa tazameni tarehe. Richard Burton na John Speke, Wazungu wa kwanza kuandika habari za ziwa letu kwa kuliona kwa macho, walifika Ujiji Februari 1858. Miche ya Bogor ilikuwa imeshatimiza miaka kumi ardhini. Hakuna aliyetuibia.

Ninalisisitiza hili kwa sababu hadithi ya wizi inatufanya tuamini kwamba utajiri wote ulikuwa ndani ya mbegu. Mbegu ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni jinsi shamba linavyopangwa: unapanda nini karibu na nini, unatumia dawa kiasi gani, na mwisho wa msimu kinabaki nini mkononi. Katika nusu hiyo wazee wetu hawakuwa wageni hata kidogo.

Burton alipofika alikuta soko la Ujiji limeshamiri. Mawese yalikuwa miongoni mwa bidhaa zake, pamoja na samaki, ndizi, kunde na chumvi ya Uvinza. Michikichi ilisimama juu ya mashamba ya chakula, si katika mistari ya peke yake. Chini yake palikuwa na mihogo, viazi vitamu, mahindi, maharage na karanga, mazao ambayo asili yake ni Amerika na yalitufikia hatua kwa hatua, mengine kupitia pwani na misafara, mengine kupitia Kongo. Watu wa Ujiji na Waha wa vilimani waliyapokea na kuyapangia nafasi. Ule mpangilio ambao wataalamu wa leo wanauita kilimo mseto, bibi zetu waliuita shamba, basi.

Ndugu msomaji uliyekulia Gungu, Mwandiga au Simbo, shamba hilo unalijua. Mchikichi unatoa mikungu karibu mwaka mzima, kwa hiyo senti ya chumvi, sabuni na daftari haikauki moja kwa moja. Maharage yanavunwa ndani ya miezi mitatu, na mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni. Muhogo unakaa ardhini ukisubiri shida, kisha unakuwa udaga na ugali. Makuti yaliyokatwa hulazwa chini, yakazuia magugu na mmomonyoko. Mdudu wa maharage akiingia, hana shamba zima la maharage la kumaliza, atakutana na muhogo. Buibui, siafu na nyigu wana mahali pa kuishi. Haikuwa pepo, nisije nikaeleweka vibaya. Mavuno kwa kila zao yalikuwa madogo, michikichi ilikuwa mirefu na kupanda kuukata mkungu kulivunja watu viuno, na jembe likienda ovyo hukata mizizi ya mti. Lakini hapakuwa na mwaka ambao kila kitu kilikosekana kwa pamoja.

Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwaka 1914, vita ikafuata, kisha utawala wa Waingereza. Reli hiyo ingeweza kubeba mawese. Ilibeba zaidi vijana. Mkoa wetu uligeuzwa kuwa ghala la manamba kwa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na nyumbani wakabaki akina mama na wazee na jembe. Miaka ya 1930, kwa sababu ya ugonjwa wa malale, serikali ya kikoloni ilihamisha watu wengi wa Kasulu na Kibondo na kuwakusanya kwenye makazi maalumu. Mashamba yaliyojengwa kwa vizazi yakaachwa. Hakuna aliyefikiria kuboresha mchikichi wa mtu ambaye kazi aliyopangiwa ni kukata mkonge.

Ng'ambo ya ziwa mambo yalikwenda vingine. Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa INEAC mwaka 1933, na kituo chake kikubwa kilikuwa Yangambi, kando ya mto Kongo. Mwaka 1941 watafiti wawili wa kituo hicho, Beirnaert na Vanderweyen, walichapisha maelezo ya jambo lililokuwa limewachanganya wengi. Kuna chikichi lenye kokwa lenye ganda nene na nyama kidogo: hilo ni Dura, ndilo lililojaa kwetu. Kuna Pisifera, lisilo na ganda, lakini mara nyingi mti wake hauzai matunda ya maana. Ukichavusha Dura kwa Pisifera, watoto wote huwa Tenera, wenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Ugunduzi huo ndio uliojenga mashamba makubwa ya Asia baada ya vita. Ulifanyika katika nchi jirani, na sisi tukaendelea na Dura kwa miongo mingi, kwa sababu mbegu ya Tenera inahitaji kituo cha kuizalisha na mtu wa kuisambaza.

Hapo pana onyo la kiutendaji, na naomba kila mwenye shamba alishike. Mbegu iliyookotwa chini ya Tenera haizai Tenera tupu. Hata ikichavushwa na Tenera mwenzake, robo ya watoto hurudi kuwa Dura na robo nyingine huwa Pisifera. Ukipanda mbegu hiyo utagundua hasara baada ya miaka kadhaa, wakati ada za watoto zimeshahesabiwa juu yake. Ndiyo maana harambee hii ni ya kitalu chenye miche ya chanzo kinachojulikana. Fedha za kumnunulia kila mtu gunia la mbegu za kuokota hatuzihitaji.

Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 wengi wa wazee wetu waliishi ndani yake, na wanaisimulia kuliko nitakavyoweza. Ilileta shule na zahanati karibu. Hilo ni kweli na lisemwe. Kwa upande wa shamba, iliwatoa watu kwenye migomba na michikichi yao na kuwasogeza pamoja, ili kila siku mamia ya familia walime eneo lile lile kuzunguka kijiji. Ardhi iliyokuwa ikipumzishwa haikupumzika tena. Mti ulioachwa mbali ulizeeka bila wa kuupogolea. Kisha wakaja wakimbizi wa Burundi, Rwanda na Kongo kwa mawimbi, miaka ya 1970 na tena miaka ya 1990, na mahitaji ya kuni na chakula yakaongezeka juu ya ardhi hiyo hiyo.

Katika uchovu huo wa ardhi ndipo dawa ya wadudu ilipopata mlango.

Zamani kiuatilifu kilikuja kupitia serikali na vyama vya ushirika, hasa kwa pamba na kahawa, na mkulima wa muhogo hakuwahi kushika bomba. Mpango huo nao ulikuwa na aibu zake. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu, sehemu yake vikiwa vimepitwa na wakati, ililetwa nchini kama msaada kutoka Ugiriki na kuwekwa katika shamba la serikali la Vikuge, Kibaha. Ghala liliporomoka na udongo wa pale ukabaki na sumu kwa miaka. Baada ya biashara huria, dawa ikaingia dukani kama sabuni, katika vichupa vidogo ambavyo mtu mwenye shilingi chache anaweza kununua bila swali. Nchi ilikuwa na sheria ya TPRI ya mwaka 1979, ikaongeza sheria ya hifadhi ya mimea mwaka 1997, na mwaka 2020 ikatunga Sheria ya Afya ya Mimea iliyounda mamlaka moja, TPHPA. Sheria ipo. Ila kati ya ofisi ya mamlaka na bonde la Luiche kuna maduka mengi, na maandishi ya kwenye kichupa mara nyingi si ya Kiswahili.

Kiwavijeshi vamizi alipoonekana nchini mwaka 2017, watu ambao hawakuwahi kupulizia mahindi walianza kupulizia, wengine kila wiki, kwa hofu tu. Kwenye nyanya na kabichi za mabondeni hali ni ile ile. Nikiwa mhasibu, si bwana shamba, ninachokiona ni hiki: dawa haiandikwi. Ukimuuliza mkulima alipata ngapi kwenye nyanya atakutajia aliyouza, yaani mapato ghafi. Muulize kichupa cha kwanza, cha pili na cha tano, kukodi bomba, kibarua wa kupulizia, siku mbili za kichwa kuuma, na utaona anaanza kuhesabu vidole. Mara nyingi nusu ya kile alichokiita faida kilibaki dukani.

Halafu kuna ziwa. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani, na maji yake hutoka kwa mlango mwembamba wa mto Lukuga upande wa Kongo. Tone linaloingia leo kutoka Luiche litakaa humo mamia ya miaka. Samaki wake wengi hawapatikani popote pengine duniani, na migebuka na dagaa wetu wanategemea maji hayo. Nchi nne zinazolizunguka zilitia saini mkataba wa kulisimamia mwaka 2003, Dar es Salaam, na mamlaka ya pamoja iko Bujumbura. Wapo wanaosema basi turudi kwenye dawa za asili, kama utupa. Mzee yeyote wa mwaloni atawakumbusha kwamba utupa ndio uliotumika kulevya samaki, na sheria inakataza kuvua kwa sumu. Sumu ya majani nayo ni sumu.

Nina visa viwili ambavyo natamani kila mjumbe wa kamati yetu avisome kabla hatujaagiza hata bomba moja.

Cha kwanza ni cha muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo, mdudu mweupe kama unga aliyetoka Amerika Kusini bila adui zake, alionekana Kongo. Alisambaa kwa kasi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ameingia Tanzania. Kupulizia muhogo wa Afrika nzima kulikuwa hakuwezekani, na hakuna mkulima ambaye angelipia. Hans Herren, mtaalamu kutoka Uswisi aliyefanya kazi katika taasisi ya IITA, Ibadan, pamoja na wenzake wakamtafuta adui wa mdudu huyo huko kwao. Walimpata Paraguay mwaka 1981: nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya kidung'ata. Alizalishwa na kuachiwa, kuanzia Nigeria na kisha nchi baada ya nchi, wakati mwingine kwa ndege. Kidung'ata akadhibitiwa katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkulima hakutoa hata senti. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Sahani nyingi za ugali wa muhogo zilizoliwa Kigoma tangu hapo zina mkono wa nyigu ambaye hakuna aliyemwona.

Batobato, kwa upande mwingine, haikuzuiwa na nyigu wala na dawa. Ule mlipuko mkali ulioanzia Uganda ukashuka hadi Kagera na kwetu ulijibiwa kwa pingili za mbegu vumilivu. Kila ugonjwa una dawa yake, na mara nyingi dawa hiyo haimo kwenye kichupa.

Kisa cha pili kinawahusu hao hao Wamalaysia tunaowalalamikia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, mashamba yao ya michikichi yalivamiwa na viwavi wanaojifunga kwenye vifuko na kula majani mpaka mti unabaki mifupa. Walipulizia dawa kali za wakati huo, DDT na ndugu zake. Viwavi wakazidi. Mtafiti mmoja, B. J. Wood, alionyesha kilichokuwa kikitokea: dawa iliua nyigu na wadudu wengine waliokuwa wakila viwavi, wakati viwavi wenyewe, wamejificha ndani ya vifuko vyao, walinusurika na kuzaana bila bughudha. Waliposimamisha upuliziaji huo, maadui wa asili walirudi na hali ikatulia. Tangu hapo wakajifunza kuhesabu viwavi kwanza, kupulizia pale tu idadi inapovuka kiwango, na kufuga bundi wa kula panya.

Mwaka 1981 wakafanya jambo jingine. Kwa muda mrefu walikuwa wakilipa vibarua wa kuchavusha maua ya michikichi kwa mkono. Rahman Syed, mtaalamu wa wadudu, aliona kwamba kule Kameruni kazi hiyo inafanywa na fukusi mdogo anayeishi kwenye maua ya mti. Wakamchukua, wakampima kwanza asije akaleta balaa, wakamwachia. Gharama ya vibarua ikaondoka na mikungu ikajaa vizuri zaidi. Kwa hiyo kama kuna kitu Malaysia ilikichukua Afrika kikaitajirisha, mmojawapo ni mdudu. Mtu anayepulizia mchikichi wakati wa maua anamlenga huyo huyo.

Nyumbani nako hatukukaa bure. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall, iliyokuwa Gombe kwa miaka mingi kwa ajili ya sokwe, ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya mwambao. Walikuja na mawazo ya kupanda miti. Wanavijiji wakawaambia wazi kwamba wana shida ya chakula, maji na kipato kwanza, na mradi ukabadilika kuwafuata. Huko Kalinzi na vilima vya jirani, wakulima wa kahawa waliojiunga chini ya Kanyovu waliboresha kahawa yao inayokua pamoja na migomba na maharage, wakapata wanunuzi wa nje waliolipa kwa ubora. Bei ilipanda kwa sababu ya uvunaji wa matunda mekundu na uchakataji safi. Hilo nalipenda, kwa kuwa kipato kiliongezeka bila kuongeza eneo wala bomba.

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kampeni ya kufufua mchikichi, Kigoma ikiwa mstari wa mbele, na kituo cha TARI Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu ya Tenera. Hatimaye kile kilichoandikwa Yangambi mwaka 1941 kina anwani kwetu. Nchi bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula, kwa hiyo soko lipo. Swali lililobaki ni shamba la aina gani tutaupandia mti huo.

Katika kikao cha Agosti palikuwa na pendekezo la kuchukua eneo moja kubwa, kulifyeka lote, kupanda michikichi mitupu na kuagiza dawa ya magugu na ya wadudu kwa mkopo. Waliolileta ni watu wenye nia njema na nawaheshimu. Nililipinga, na hesabu yangu ni hii. Kwa nafasi ya mita 9 kwa pembetatu, hekta moja inachukua michikichi 143. Tenera ikitunzwa huanza kuzaa karibu na mwaka wa tatu. Miaka hiyo ya kusubiri shamba tupu lina gharama tu: palizi, dawa, riba. Mkulima wa Ujiji hana mfuko wa kubeba miaka mitatu bila kuvuna, ataliuza shamba kwa bei ya kutupa kabla mkungu wa kwanza haujaiva. Akipanda maharage na mahindi katikati ya mistari miaka hiyo, anakula, anauza, na palizi ya maharage ndiyo palizi ya mchikichi. Muhogo uwekwe mbali kidogo na shina kwa sababu unanyonya sana udongo. Majani yakishafunga kivuli, atakayetaka kuendelea na chakula itambidi aachie nafasi pana zaidi tangu mwanzo, na akubali mikungu michache kwa hekta. Hakuna namna ya kupata vyote. Kila familia ichague ikiwa inajua inachokipoteza.

Kuhusu wadudu, adui mkubwa wa mche mchanga ni chonga, na chonga huzaliana kwenye magogo yanayooza. Kufyeka michikichi mizee na kuyaacha magogo yake shambani ni kumjengea nyumba. Yakatwe na kuchomwa au kufukiwa, na miche ikaguliwe kwa waya. Hiyo ni kazi ya mikono, na mikono tunayo.

Kwa hiyo kamati imekubaliana, na makisio yako ukurasa wa mwisho: kitalu cha miche kutoka TARI Kihinga, shamba darasa lenye vipande vitatu, mchikichi mtupu, mchikichi na maharage, na mchikichi wa nafasi pana na muhogo, na daftari la kila kipande, likiandikwa na wakulima wenyewe, lenye safu ya mavuno, safu ya fedha iliyoingia na kutoka, na safu ya dawa: jina, kiasi, siku na sababu ya kupulizia. Nimejitolea kukagua madaftari hayo kila Desemba bila malipo, na matokeo yatachapishwa katika kijitabu hiki, yawe mazuri au mabaya.

Miche hukaa kitaluni karibu mwaka mzima. Ili ipandwe mvua za Novemba mwakani, mifuko inatakiwa ijazwe udongo mwaka huu, mvua za kwanza zinapoanza. Michango itakayofika kabla ya mwisho wa Oktoba ndiyo itakayonunua mifuko hiyo.